Kitanda Kwanza, Kiti Baadaye: Safari Yetu ya Treni Mbili Kutoka New York Hadi Sacramento

Mama yangu alikuwa amekaa nami New York miezi mitatu alipofanyiwa upasuaji wa sikio, na daktari akamwambia asipande ndege mpaka lipone kabisa. Habari hiyo ilitukuta vibaya, kwa sababu dada yangu anayeishi Sacramento, upande wa pili wa Marekani, alikuwa na mimba ya miezi minane, na Mama alikwisha kumwahidi kwamba siku ya kujifungua atakuwa kando yake. Basi la masafa marefu halikufaa kwa magoti yake. Ikabaki treni, na mimi, ambaye sikuwahi hata mara moja kukata tiketi ya treni ya kulala njiani, nikabeba jukumu la kupanga safari ya zaidi ya kilomita 5,000 kwa ajili ya mwanamke wa miaka 71.

Hakuna treni moja inayokwenda kutoka pwani ya mashariki ya Marekani hadi pwani ya magharibi bila abiria kubadilisha. Treni nyingi za masafa marefu za Amtrak, shirika la reli lililoanza kusafirisha abiria tarehe 1 Mei 1971, hukutana Chicago, na anayetoka New York kwenda California kwa njia tuliyoichagua hushuka pale na kupanda nyingine. Kwetu sisi ya kwanza ilikuwa Lake Shore Limited, inayokesha usiku mmoja hadi Chicago, na ya pili California Zephyr, inayoondoka Chicago mchana, ikalala njiani mara mbili na kuwafikisha watu Sacramento siku ya tatu. Kwa hiyo tungelala ndani ya treni mara tatu. Mambo yote niliyoyakosea yalianzia pale ambapo treni hizo mbili zinaungana, si ndani ya treni zenyewe.

Nilipotafuta safari nzima kwenye tovuti, bei ya chumba cha kulala kwa njia yote ilinishtua, nami nikaona nimepata ujanja: nitanunua viti viwili vya kawaida kwa usiku wa kwanza, kisha chumba kwa zile siku mbili za mwisho ambazo Mama angekuwa amechoka. Mpango wenyewe haukuwa mbaya. Ubaya ulikuwa katika mpangilio wa kununua. Nililipia viti usiku uleule, nikafurahi, na kujiambia kwamba chumba nitakinunua mshahara ukitoka, yaani baada ya siku 11. Siku hiyo ilipofika, vyumba vyote vya treni ya pili kwa tarehe yetu vilikuwa vimekwisha.

Laiti ningefanya hesabu rahisi kabla ya kulipa, nisingeshangaa. Behewa la kulala la ghorofa mbili, la aina ya Superliner inayotumika kwenye Zephyr, lina vyumba vidogo 14 vinavyouzwa kwa jina la Roomette, vyumba vikubwa vitano vyenye choo na bafu ndani, kimoja cha familia na kimoja cha abiria mwenye ulemavu. Treni hubeba mabehewa machache tu ya namna hiyo, na abiria anaruhusiwa kununua hadi miezi 11 kabla ya safari. Viti vya kawaida ni vingi zaidi na mara nyingi hupatikana hata siku za mwisho. Ndiyo maana leo, mtu akiniuliza aanzie wapi, humwambia aanze na kitanda cha ile treni yenye vyumba vichache, aone tarehe ambazo kipo, halafu ndipo atafute kiti cha kumfikisha kwenye kitanda hicho. Mimi nilijenga kutoka mlangoni kwangu kwenda mbele, na ikanilazimu kusogeza viti vyangu siku nne mbele na kulipa tofauti ya nauli, kwa kuwa tarehe mpya ilikuwa ghali zaidi. Siku nne si kitu kwa msafiri wa kawaida, lakini kwa Mama anayemngojea mjukuu zilikuwa nyingi, na nilimwona akizihesabu kwa vidole bila kunilaumu.

Chumba nilikipata kwa tarehe hiyo mpya, nikakinunua peke yake. Nikawa na namba mbili za kuwekea nafasi, moja ya viti na moja ya chumba, zimefuatana vizuri kwa tarehe na saa: tungefika Chicago asubuhi karibu saa nne, na Zephyr ingeondoka saa nane mchana. Saa nne za kungoja zilionekana kuwa nyingi kupita kiasi.

Siku mbili baadaye niliwapigia simu Amtrak kwa sababu nyingine kabisa. Nilikuwa nimesoma kwamba vyumba vingi vya Superliner viko ghorofa ya juu, na ngazi ya kupandia ni nyembamba na imejikunja, jambo ambalo magoti ya Mama yasingeliweza kila anapotaka kulala. Mwanamke mmoja mwenye sauti ya upole alipokea, akatazama nafasi yetu, akaniuliza kama tunatokea Chicago au tunaunganisha. Nilipomwambia kwamba tunatokea New York usiku wake, alinyamaza kidogo, kisha akanieleza jambo ambalo naliona ndilo kubwa kuliko yote katika simulizi hii.

Treni mbili zikiwa chini ya namba moja ya nafasi, na muda wa kubadilisha ukiwa unakubalika na shirika, muunganiko wenyewe umedhaminiwa: ukichelewa na treni ya kwanza ukaikosa ya pili, ni kazi yao kukutafutia njia nyingine ya kufika, na ikibidi mahali pa kulala. Zikiwa chini ya namba mbili, kwa macho yao wewe ni wasafiri wawili wasiojuana. Yule wa kwanza kafika Chicago, kachelewa lakini kafika, na mkataba wake umekwisha. Yule wa pili hakutokea stesheni kupanda treni aliyoilipia, na fedha za chumba chake ziko hatarini. Mimi nilikuwa nimejigawa hivyo kwa mikono yangu mwenyewe, nikidhani nimenunua safari moja.

Aliongeza jambo jingine ambalo msafiri mgeni hulisahau. Nje ya ukanda wa kaskazini-mashariki, treni za abiria za Marekani hupita kwa sehemu kubwa juu ya reli zinazomilikiwa na kampuni za treni za mizigo. Sheria inaipa treni ya abiria haki ya kutangulia, lakini treni ya mizigo ikiwa ndefu kuliko njia ya kupishania, haina pa kujisogeza, na ya abiria hungoja. Ongeza juu yake majira ya baridi, na sisi tulikuwa tunasafiri Februari. Saa nne zangu zikaanza kuonekana chache.

Alifuta ule ununuzi wa pili na kuujenga upya ndani ya ule wa kwanza, viti kwa usiku wa kwanza na chumba kwa siku zilizofuata, vyote chini ya namba moja. Jambo hilo linawezekana, ila mfumo wa tovuti ulikuwa umenipendekezea daraja moja kwa njia nzima, nami sikuendelea kutafuta zaidi. Chumba kilikuwa kimepanda bei tangu nilipokinunua, na niliongeza karibu robo ya bei yake ya awali. Iliniuma. Nilikaa na simu mkononi nikifikiria kukataa, kwa sababu nilikuwa nalipia kitu nisichoweza kukigusa. Nilipolipa, nililipa kwa shingo upande.

Katika simu hiyohiyo alinipa chumba cha ghorofa ya chini. Kwenye Superliner Roomette za chini ni namba 11 hadi 14, nne tu katika behewa zima, na si ajabu kwamba wazee na wenye kuumwa miguu huzigombania. Akagundua pia kwamba sikuwa nimeandika umri wa Mama. Abiria wa miaka 65 na zaidi hupunguziwa asilimia 10 ya nauli katika treni nyingi, ingawa punguzo hilo linahusu nauli ya mtu na haligusi gharama ya chumba. Hapa inafaa nieleze namna bei inavyojengwa, maana nami sikuielewa mwanzoni: kila abiria hulipa nauli yake, kisha chumba hulipiwa kama chumba, akilala mtu mmoja au wawili. Anayesafiri peke yake huona bei hiyo ni kubwa mno. Kwa watu wawili hesabu hubadilika kabisa, hasa ukikumbuka kwamba abiria wa chumba milo yake imo ndani ya bei, ilhali wa kiti hujinunulia.

Kosa langu la mwisho kabla ya safari halikuwa la fedha, na ndilo ninalolijutia zaidi. Tiketi yetu iliandikwa 3:40 PM. Nilinakili kwenye karatasi ya Mama “saa 3:40” bila kutafsiri saa hizo kwa hesabu yetu, kwa kuwa mimi nimezoea saa za Kizungu kiasi kwamba sikuona tena tofauti. Mama aliisoma kama alivyofundishwa tangu utoto, saa tatu na dakika arobaini, asubuhi. Nilikuwa nimetoka alfajiri kumalizia kazi, na niliporudi mchana nilimkuta ameketi karibu na mlango, amevaa koti na viatu, mizigo miguuni, tangu saa tatu kasoro. Hakutaka kunisumbua kwa simu. Miguu yake ilikuwa imevimba kabla safari haijaanza. “Nilidhani umechelewa njiani, mwanangu,” alisema. Tangu siku hiyo kila saa ninayomwandikia mzee huifuatanisha na neno la wakati wake: saa tisa na dakika arobaini alasiri, saa nane mchana, saa nne asubuhi. Kadhalika huandika ni saa za mji gani, kwani njia yetu ilipita katika majira manne tofauti, na kila mara saa inarudi nyuma. Dada yangu angekwenda kutupokea kwa saa isiyo sahihi kama nisingempigia simu mara ya pili.

Stesheni ya New York tulifika saa moja na nusu kabla ya treni kuondoka, na hilo nalishauri kwa yeyote anayesafiri na mwenziwe kwa kiti cha kawaida. Kiti chako katika treni hizi kimehakikishwa, ila tiketi yetu haikuwa na namba ya kiti. Wafanyakazi wa treni ndio wanaowapanga watu kwa kufuata wanakoshukia. Wanaofika mwisho hujikuta wametengana. Niliomba msaidizi wa mizigo wa stesheni, huduma isiyolipiwa isipokuwa kwa bahashishi, naye akatupeleka hadi behewani kabla ya umati. Masanduku mawili makubwa tuliyakabidhi yaende moja kwa moja hadi Sacramento, jambo lililo jepesi kwa yule aliye na namba moja ya nafasi. Sanduku lililokabidhiwa hutaliona tena mpaka mwisho wa safari. Dawa za Mama za matone ya sikio zilikuwa katika mojawapo, na ni yule msaidizi aliyeuliza kama kuna dawa ndani. Tulifungua sanduku sakafuni, mbele za watu, tukazitoa.

Usiku ule wa kwanza ulikuwa mgumu. Viti ni vipana na hulala nyuma kuliko vya ndege, na kijana anaweza kupata usingizi wa kutosha, lakini abiria wa kiti hapewi blanketi wala mto, taa za njia hazizimi kabisa, na katika kila kituo kuna watu wanaopanda na kushuka. Mama hakulala zaidi ya saa mbili. Nilikuwa nimejenga hoja kwamba usiku mmoja wa kiti ni mdogo kulinganisha na siku mbili za chumba, na kwa fedha ilikuwa kweli. Kwa mwili wa mzee haikuwa kweli, kwa sababu usiku wa kwanza ndio ulioamua atakavyokuwa siku zilizofuata. Kama ningelazimika tena kuchagua, na fedha zikatosha usiku mmoja tu wa kitanda, ningepima nani anasafiri kabla ya kupima usiku upi ni mrefu. Kwa uchache ningebeba blanketi zito na mto wa shingo, vitu ambavyo nilividharau.

Karibu na Buffalo theluji ilianza. Upande ule wa Ziwa Erie unajulikana kwa dhoruba zake, hewa baridi ikipita juu ya maji yenye joto kidogo na kumwaga theluji yote nchi kavu. Treni ilisimama, ikatambaa, ikasimama tena. Kulipokucha nilijua tumechelewa zaidi ya saa mbili, na nikaanza kuhesabu saa nne zangu zinavyopungua. Mama aliniuliza kama tutaiwahi ile nyingine. Nilimjibu kwamba tutaiwahi, nami sikuwa na hakika.

Kondakta alipita na karatasi, akawauliza abiria nani wanaunganisha Chicago na kwa treni ipi. Majina yetu yalikwisha kuwemo kwenye orodha yake. Alituwekea alama, akasema kama hatutaiwahi Zephyr tutaelekezwa la kufanya, akaendelea na safu nyingine. Maneno yenyewe yalikuwa machache, lakini nilihisi kifua kikifunguka. Kile nilichokilipia kwa shingo upande kilikuwa ni kuwemo kwenye orodha ile. Safu mbili nyuma yetu kulikuwa na kijana ambaye tiketi zake zilikuwa mbili. Alisimama kwenye njia, simu sikioni, akijaribu kubadilisha ya pili kabla haijaondoka bila yeye. Nilimwonea huruma sana, kwa sababu wiki tatu kabla ndiye niliyekuwa mimi.

Tuliingia Chicago saa sita na dakika hamsini. Treni zote mbili hutumia stesheni moja, Union Station, na hilo ni jambo la kuthibitisha kabla ya kununua muunganiko wowote popote duniani, maana iko miji mikubwa ambayo treni moja hufika stesheni hii na nyingine huondokea stesheni ile, na safari ya kati ni juu yako. Kijana yule naye aliwahi. Nilimwona akikimbia na mkoba. Wenye vyumba wana ukumbi wao wa kupumzikia pale Chicago. Tulikaa humo dakika ishirini tu, Mama akainua miguu, kisha tukaitwa.

Roomette ni ndogo, na ni bora uifahamu hivyo kabla hujaiona: upana wake ni kama mita moja na urefu karibu mita mbili. Mchana kuna viti viwili vinavyotazamana, na usiku mhudumu wa behewa huviunganisha kuwa kitanda cha chini, kisha hushusha cha juu kutoka darini. Mimi nililala juu, ambako hakuna dirisha wala nafasi ya kuketi, huku mikanda ikinizuia nisianguke. Asiyependa kubanwa asikubali kitanda cha juu. Choo na bafu ni vya kushirikiana, ila katika Superliner viko hukohuko chini, hatua chache tu kutoka mlangoni kwetu, na hiyo ilikuwa faida nyingine ya kuomba ghorofa ya chini. Hasara yake ni kwamba njia ya kutoka behewa moja hadi jingine iko juu, kwa hiyo kwenda kula kulimaanisha kupanda ngazi ileile niliyoikwepa. Mhudumu alituletea chakula chumbani bila kunung'unika, nasi tulimpa bahashishi nzuri mwishoni. Begi moja dogo kwa kila mtu linatosha. La pili hulalia miguu yako.

Mama alilala saa kumi mfululizo usiku ule. Asubuhi niliposhuka nilimkuta ameketi mto mgongoni, anatazama milima karibu na Denver ikijitokeza, na alipoona nimeamka alisogea ili niketi. Sikumbuki vizuri mazungumzo ya siku hiyo. Nakumbuka handaki la Moffat, kama kilomita 10 gizani chini ya Milima ya Rocky, naye ameshika mkono wangu hadi mwanga uliporudi.

Tulifika Sacramento siku ya tatu, tumechelewa kidogo. Mtoto alizaliwa siku tano baadaye, Mama akiwapo.

Miezi miwili baadaye niliandaa safari yake ya kurudi, na safari hii nilianza na simu. Nilimwomba mpokeaji kwanza anitafutie tarehe ambazo Roomette ya chini ipo kutoka Sacramento, na tulipoipata ndipo nikamuuliza ya Lake Shore Limited usiku unaofuatia, kitanda pia, kisha nikamtaka asome mbele yangu namba ya nafasi ili nihakikishe ni moja. Aliisoma. Nikaiandika kwenye karatasi ya Mama, na chini yake nikaandika saa ya kuondoka kwa maneno, pamoja na jina la mji ambao saa hiyo ni yake.